Nywila Zikae Wapi? Kwa Wewe Unayesimamia Kompyuta za Ofisi

Ijumaa moja jioni, wenzangu wakiwa wameshaondoka, niliketi mbele ya seva nikazima uwezo wa vivinjari kuhifadhi nywila kwenye kompyuta zote za ofisi. Ilikuwa kazi ya dakika chache: sera moja ya Chrome, nyingine ya Edge, zote kupitia Group Policy, na Jumatatu asubuhi kila mashine ingeamka na amri mpya. Nilikuwa nimesoma kwamba nywila zilizomo kwenye kivinjari huibwa kwa urahisi, jambo ambalo ni kweli, kwa hiyo nilirudi nyumbani nimeridhika.

Wiki tatu baadaye nikaitwa kwa mhasibu kuangalia printa. Ni mama wa rika la mama yangu mzazi, kila asubuhi namwamkia shikamoo. Pembeni ya kibodi yake palikuwa na kaunta buku jipya lenye jalada jekundu, liko wazi. Ndani yake, kwa mwandiko mzuri wa watu waliofundishwa kuandika kwa kalamu ya wino, alikuwa amepanga mifumo yote anayoingia: TRA, NSSF, WCF, BRELA, benki mbili, barua pepe, na mingine. Mbele ya kila mfumo, jina la mtumiaji na nywila. Palipobadilishwa pamekatwa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, na nywila mpya imeandikwa juu. Aliponiona natazama akasema, "Mwanangu, ile ya kukumbuka uliizima. Mimi nina mifumo kumi na mmoja. Ulitaka niiweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekataza bila kutoa. Nikaanza kuuliza taratibu ofisi nzima. Mmoja alikuwa amejitumia nywila zake WhatsApp. Idara nyingine ilikuwa na jedwali la Excel kwenye folda ya pamoja ambayo hata wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo waliweza kuifungua. Na kijana aliyejibu kwa kujiamini kwamba "zangu ziko kichwani" alikuwa na nywila moja tu kwa kila mfumo, kuanzia barua pepe hadi mishahara.

Nywila ikikatazwa kukaa mahali, inahama, wala haiagi. Ukiwa na mamlaka ya kuamuru kompyuta zote kutoka kiti kimoja, jambo la kwanza la kujifunza ni kuandaa pa kuhamia kabla hujafunga popote. Haya yafuatayo ndiyo ningependa mtu aniambie kabla ya ile Ijumaa. Nimeyaandika nikiwaza ofisi yenye Windows na Active Directory, kwa sababu ndiyo niijuayo kwa mikono yangu.

Kivinjari kinatunzaje?

Mfanyakazi anapokubali Chrome au Edge imhifadhie nywila, haiandikwi hivihivi. Inasimbwa, kisha inawekwa kwenye faili dogo liitwalo Login Data ndani ya folda za mtumiaji huyo. Ufunguo wa kuisimbua nao umesimbwa, na anayeulinda ni Windows yenyewe kwa huduma yake iitwayo DPAPI, ambayo inategemea nywila ya mtu ya kuingilia kwenye kompyuta. Kwa hiyo mwenzake akiingia kwenye mashine hiyohiyo kwa akaunti yake mwenyewe, ya kawaida, hawezi kuzisoma. Na laptopu ikiibwa kwenye daladala ikiwa imezimwa, na diski yake umeisimba kwa BitLocker, mwizi amepata chuma tu.

Tatizo ni kwamba programu yoyote inayoendeshwa kwa jina la mhasibu, Windows huihesabu kuwa ni mhasibu mwenyewe. Ikiomba ufunguo, inapewa. Hapo ndipo zinapopita programu za kudokoa nywila, RedLine ikiwa mojawapo iliyosumbua sana. Huja zimevaa sura ya ankara, au ya programu ya kulipia inayogawiwa "bure", na zikishafunguliwa mara moja tu hukusanya kila kilichohifadhiwa na kukituma nje. Kile kidirisha kinachokuuliza PIN kabla ya kukuonyesha nywila kinamzuia mtu aliyesimama nyuma ya kiti chako. Programu haipiti mlango huo kabisa. Mwaka 2024, katika toleo la 127 la Chrome kwa Windows, Google walianza kuongeza kinga ili ufunguo utolewe kwa Chrome peke yake. Walianzia kwenye vidakuzi, na waandishi wa programu hasidi hawakuchelewa kutafuta njia za kuizunguka. Ni hatua nzuri, lakini usiitegemee peke yake. Firefox ndiyo dhaifu zaidi ikiachwa ilivyo: kama mtumiaji hajaweka nywila kuu ya Firefox yenyewe, ufunguo na kilichofungwa vimo kwenye folda moja.

Kuna mtu mwingine anayeweza kufungua, na ni wewe. Kwenye Active Directory, seva kuu hutunza ufunguo wa akiba wa DPAPI. Kazi yake ni ya kuokoa: mtu akisahau nywila yake ukambadilishia, ufunguo huo ndio unaomrudishia vyote vilivyosimbwa kwa jina lake. Kwenye kompyuta isiyounganishwa na seva, msimamizi akibadilisha nywila kwa nguvu, vile vilivyohifadhiwa huwa havifunguki tena. Ufunguo unaomwokoa mama wa uhasibu siku aliyorudi likizo amesahau ndio huohuo ambao, ukishikwa na mwenye mamlaka ya juu kabisa, unafungua hazina ya kila mfanyakazi. Na Microsoft wameandika wazi kwamba hakuna njia rasmi ya kuubadilisha. Ukivuja, ushauri wao ni kujenga kikoa (domain) kipya na kuhamishia watu huko.

Nakusihi uwaambie wafanyakazi jambo hili kwa lugha wanayoielewa, ana kwa ana, siyo kwenye aya ya kumi ya sera ya TEHAMA. Waambie: kompyuta hii ni ya ofisi, na ofisi ina uwezo wa kufungua kilichohifadhiwa humu, nywila ya benki yako binafsi, ya barua pepe ya nyumbani, ya kikundi chenu cha kuweka na kukopa, usiiweke hapa. Wanastahili kujua. Nimegundua pia kwamba ukishawaambia ukweli wa namna hiyo, nao wanaanza kukuambia ukweli wa kaunta buku zao.

Akaunti binafsi ndani ya mashine ya kazi

Mwaka 2023, Okta, kampuni ya Marekani ambayo biashara yake yenyewe ni kuthibitisha watu wanaoingia kwenye mifumo, ilivamiwa kwenye mfumo wake wa kuhudumia wateja. Kati ya tarehe 28 Septemba na 17 Oktoba, mvamizi alifikia mafaili ya wateja 134. Walipofuatilia, walikuta mfanyakazi mmoja aliingia kwenye akaunti yake binafsi ya Google ndani ya Chrome ya laptopu ya kazi, na nywila ya akaunti ya huduma ikahifadhiwa kwenye akaunti hiyo binafsi. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba kinachoelekea zaidi ni kuvamiwa kwa akaunti ile ya Google au kifaa binafsi cha mtu huyo. Mwaka mmoja kabla, Mei 2022, Cisco nao walivamiwa kwa njia inayofanana: akaunti binafsi ya Google ya mfanyakazi ilitekwa, na ndani yake mlikuwa na nywila ya kazi iliyosafiri yenyewe kutoka kwenye kivinjari.

Kampuni hizo zina wataalamu wengi kuliko mimi na wewe. Kilichowapata kinatokea kwenye meza yoyote ambapo kijana amefungua Gmail yake kwenye kompyuta ya ofisi ili achape barua, Chrome ikamuuliza kama awashe usawazishaji, akabonyeza ndiyo. Tangu dakika hiyo, nywila za ofisi zinalala kwenye simu yake, na kwenye simu ya mdogo wake anayetumia akaunti hiyohiyo kupakua michezo.

Kwa hiyo kama una jioni moja tu ya kazi, usianze kama nilivyoanza mimi. Usizime kuhifadhi; zima kusafiri. Chrome na Edge zote zina sera iitwayo RestrictSigninToPattern, ambayo huruhusu akaunti za anwani ya ofisi yako tu kuingia kwenye kivinjari, na nyingine iitwayo SyncDisabled inayozima usawazishaji wote. Kama ofisi yako inalipia Google Workspace au Microsoft 365, weka ya kwanza, acha usawazishaji ubaki ndani ya akaunti za ofisi. Kama hailipii, weka ya pili. Hakuna atakayekosa usingizi kwa sababu hiyo: nywila zake bado zinajijaza, Gmail yake bado inafunguka kama tovuti nyingine yoyote. Hapo umepunguza hatari kubwa bila kumwongezea mtu hata mbofyo mmoja, na nafasi kama hizo ni chache katika kazi hii.

Kutafuta kasiki

Baada ya hapo, tafuta programu ya kutunza nywila. Mimi huiita kasiki, kwa sababu kila mhasibu anajua kasiki ni nini: sanduku moja zito, ufunguo unaojulikana uko kwa nani.

Ofisi ya watu watano au kumi, isiyo na seva, itatoshelezwa na KeePass, ambayo ipo tangu 2003 na hailipiwi, au ndugu yake KeePassXC. Kila kitu kinakaa kwenye faili moja lililosimbwa. Haihitaji intaneti, na umeme ukikatika laptopu inaendelea kufungua. Udhaifu wake ni ushirikiano: watu wawili wakihifadhi kwa wakati mmoja kutoka folda ya pamoja unaweza kupata nakala mbili zinazogombana, na mtu akiondoka kazini huwezi kumnyang'anya nywila kuu aliyokwisha kuijua. Kila mtu awe na faili lake, na faili la pamoja liwe dogo iwezekanavyo.

Ukivuka hapo, nenda kwenye kasiki lenye seva, kama Bitwarden. Unalipia au unaliweka kwenye seva yako mwenyewe. Faida yake kwa anayesimamia wengi ni kwamba unagawa nywila kwa makundi: uhasibu wanaona za uhasibu, manunuzi wanaona za manunuzi, na aliyehama idara anahamishwa kundi kwa mbofyo. Kabla ya kuamua kujiwekea seva, jiulize kwa ukweli: nani ataifanyia sasisho ukiwa msibani mkoani? Nakala zake rudufu ziko wapi, na ni lini mara ya mwisho ulijaribu kurejesha moja? Kama majibu yanasitasita, lipia. Nimeona seva ya namna hiyo imekaa chini ya meza, haijaguswa miezi kadhaa, ikiwa na nywila zote za taasisi, na hiyo ni hatari kuliko kaunta buku la mama, ambalo walau lilikuwa linafungiwa droo.

Kuhusu intaneti inayokatika: Bitwarden iliyokwisha kuingiwa kwenye kifaa huendelea kuonyesha nywila hata mtandao ukipotea, ila huwezi kuongeza au kubadilisha. Waeleze watu hilo mapema.

Kuna swali utakaloulizwa na mkurugenzi, nalo ni la haki: tukiziweka zote sehemu moja, si tunamrahisishia mwizi? Mpe mfano wa LastPass wenyewe, usiufiche. Mwaka 2022 wavamizi walichukua nakala za makasiki ya wateja. Nywila zilizokuwa ndani zilikuwa zimesimbwa kwa nywila kuu ya kila mteja, lakini anwani za tovuti hazikusimbwa, na akaunti nyingi za zamani zilikuwa na mizunguko michache mno ya kuukaza ufunguo. Mwenye nywila kuu ndefu alibaki na ukuta. Mwenye fupi alibaki na pazia. Funzo la kiufundi ni kwenda kwenye mipangilio na kutazama idadi ya mizunguko hiyo: Bitwarden waliipandisha hadi 600,000 kwa akaunti mpya mwaka 2023, na mwaka huohuo wakaongeza chaguo la njia nyingine ya kuukaza ufunguo, Argon2id. Akaunti iliyofunguliwa kabla ya hapo huenda bado ina namba ya zamani. Ikague.

Sasa faida ambayo watu wengi hawaitaji. Kasiki linajaza nywila pale tu ambapo anwani ya tovuti inalingana na iliyohifadhiwa. Mfanyakazi akiletewa kiungo cha tovuti ya uongo iliyofanana na ya TRA kwa kila rangi na nembo, jicho lake litadanganyika, hasa mwisho wa mwezi. Kasiki halitazami nembo. Linanyamaza, halijazi, na huo ukimya ndio tahadhari. Kaunta buku haliwezi kufanya hivyo, na kichwa cha mtu hakiwezi. Mfundishe kila mtu sentensi moja: lisipojaza lenyewe, simama, niite.

Muda wa kujifunga

Hapa ndipo mizani yenyewe ilipo, na hapa ndipo nimebadilisha mawazo mara nyingi kuliko kwingine.

Kasiki linapaswa kujifunga baada ya muda. Mara ya kwanza niliweka dakika tano, na kila likijifunga lilitaka nywila kuu nzima. Kwenye karatasi ilipendeza. Kisha nilikaa nusu siku mapokezi, nikimtazama dada wa pale akifanya kazi. Mgeni anafika, anasalimiwa, anasajiliwa, simu inaita, dada anainuka kumpeleka mgeni ghorofani, anarudi, kasiki limefungwa, anaandika herufi ishirini na tatu, mgeni mwingine. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameandika nywila kuu mara kumi na nne, nusu yake mbele ya wageni walioegemea kaunta. Wiki iliyofuata aliibadilisha ikawa fupi kadiri mfumo ulivyomruhusu, na sikuweza kumlaumu. Nilichokuwa nimekiita usalama kilikuwa kinamfundisha kuandika nywila yake nyeti kuliko zote hadharani.

Sasa napanga hivi. Kasiki linajifunga pale kompyuta inapojifunga, siyo kabla. Kompyuta inajifunga yenyewe baada ya dakika kumi za ukimya, tano kwa mapokezi na sehemu yoyote ambayo wageni wanafika, na kila mtu amezoezwa kubonyeza kitufe cha Windows na L anapoinuka. Mkono unazoea kama kufunga mlango. Kufungua wakati wa mchana ni kwa alama ya kidole au PIN ya Windows Hello. Nywila kuu nzima inaandikwa asubuhi mara moja, kompyuta inapowashwa. Hivyo mtu anaikumbuka kwa sababu anaiandika kila siku, na haichukii kwa sababu haiandiki kila robo saa.

Utasikia ubishi kwamba PIN ya tarakimu sita ni dhaifu kuliko nywila ndefu. Ingekuwa hivyo kama ingetumika popote. PIN ya Windows Hello ni ya mashine ile moja. Aliyeiiba kwa macho, akiwa nyumbani kwake, haimsaidii kitu, na aliyeishika mashine anazuiwa baada ya kukosea mara kadhaa.

Urefu wa nywila kuu nao usiufanye adhabu. Maneno matano au sita yasiyohusiana yanakumbukika kuliko mchanganyiko wa alama. Ila maneno hayo yachaguliwe kwa bahati nasibu, siyo na moyo. Moyo wa Mswahili ukiambiwa uchague maneno matano utachagua methali, na methali ziko kwenye vitabu vya shule ambavyo hata kompyuta ya mwizi inaweza kuvisoma. Vivyo hivyo majina ya watoto, na Simba au Yanga pamoja na mwaka. Mimi hukaa na mfanyakazi mpya na kamusi na dadu: tunarusha dadu kupata ukurasa, tunarusha tena kupata neno, mpaka yatimie. Inachukua dakika kumi, watu hucheka maneno yanayotoka, na kicheko hicho ndicho kinachoyagandisha kichwani. Akishapata yake, mimi natoka chumbani.

Na kama bado unalazimisha watu wabadilishe nywila kila siku tisini, acha. Kanuni hiyo ilienezwa sana na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwandishi wake, Bill Burr, alisema hadharani mwaka 2017 kwamba anaujutia ushauri mwingi aliotoa, na mwaka huohuo NIST waliacha kuutaka ubadilishaji wa vipindi. Microsoft waliuondoa kwenye mapendekezo yao ya Windows mwaka 2019. Ukilazimisha, utapata Januari ikifuatwa na Aprili ikifuatwa na Julai, na alama ya mshangao mwishoni. Badilisha pale kuna dalili ya kuvuja, na siku hiyo badilisha bila huruma.

Nywila zako wewe

Tumezungumza sana juu ya mama wa uhasibu. Sasa tugeuke, maana nywila zilizo hatarini kuliko zote kwenye ofisi nyingi ni za msimamizi mwenyewe.

Anza na akaunti ya msimamizi iliyomo ndani ya kila kompyuta. Kama ulizisimika zote kutoka nakala moja, zina nywila moja, na aliyeipata kwenye mashine ya stoo ameipata kwenye ya mkurugenzi. Dawa yake haina gharama: LAPS, ambayo Microsoft waliitoa 2015 na tangu Aprili 2023 imo ndani ya Windows yenyewe. Kila kompyuta hujitungia nywila yake, huibadilisha kwa ratiba, na kuihifadhi kwenye Active Directory ambako wachache uliowateua wanaweza kuisoma. Kama hujafanya lolote lingine kwenye mwongozo huu, fanya hili wiki hii.

Kisha tafuta ndani ya folda ya SYSVOL kwenye seva yako neno cpassword. Tangu Windows Server 2008 iliwezekana kusambaza nywila kwa Group Policy. Zilisimbwa, lakini ufunguo wa kuzisimbua Microsoft walikuwa wameuchapisha kwenye nyaraka zao. Walizuia njia hiyo Mei 2014 kwa sasisho la MS14-025, ila sasisho halikufuta mafaili yaliyokwisha kuwepo. Folda hiyo husomwa na kila mtumiaji wa kikoa. Kwenye seva niliyoirithi nilikuta faili moja la namna hiyo, na nywila iliyokuwemo ilikuwa bado inafanya kazi.

Acha pia kuingia kwenye kompyuta ya mapokezi kwa akaunti yako ya mamlaka ya juu ili "kurekebisha haraka tu." Ukiingia, alama za akaunti hiyo zinabaki kwenye kumbukumbu ya mashine, na Windows kwa kawaida hutunza alama za watu kumi wa mwisho walioingia ili waweze kuingia hata seva isipopatikana. Tumia nywila ya LAPS ya mashine hiyohiyo. Akaunti kubwa ibaki kwa seva, isisome barua pepe, isifungue kivinjari.

Za pamoja, na za aliyeondoka

Mfumo unaoruhusu kila mtu awe na akaunti yake, ufanye hivyo hata kama ni usumbufu wa kujaza fomu. Iliyobaki, yenye akaunti moja kwa ofisi nzima, iingie kwenye kundi la kasiki na isitumwe WhatsApp kamwe, maana ujumbe ukishafika kwenye kundi la watu ishirini umefika kwenye simu ishirini na nakala zake rudufu. Mtu anapoaga kazi, toa orodha ya kila kundi alilokuwemo ubadilishe nywila hizo siku hiyohiyo, hata kama ameondoka kwa heri na keki imekatwa. Kumwondoa kwenye kasiki hakumfanyi asahau alichokwisha kukiona. Na kumbuka kilicho nyuma ya nywila hizo ni mishahara, namba za NIDA, na vyeti vya hospitali vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezishika azilinde, na Kenya wana yao tangu 2019.

Bado kuna wewe kuugua. Nywila kuu ya kasiki la ofisi na ya akaunti kubwa ya Active Directory ziandikwe kwenye karatasi, karatasi iingie kwenye bahasha, bahasha isainiwe juu ya gundi na watu wawili, ikae kwenye kasiki la chuma la mhasibu. Ndiyo, karatasi. Mama na kaunta buku lake hakukosea kuamini karatasi. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka.

Mara moja kwa mwaka ifungue. Mpe mtu asiye fundi aisome na aingie, wewe umesimama mbali mikono nyuma. Mwaka jana tulimpa mama mwenyewe. Alivaa miwani, akaandika taratibu kwa kidole kimoja, ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Ilikuwa herufi l ndogo niliyoiandika ikafanana na tarakimu 1. Alichukua kalamu na rula, akakata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaiandika upya kwa mwandiko wake, akaingia. Tukaweka saini zetu kwenye bahasha mpya.